Siku Tunu Alipolala Kwenye Lori

Siku ya nne ya mgomo wa bandarini, mwaka arobaini na saba, malori mawili yalikatiza Temeke yakielekea kwenye mabanda ya bati yaliyoachwa na askari wa vita vya Hitla. Yalijaa wanaume waliosimama wameshikana mabega, vumbi limewapaka hadi kwenye kope, na walikuwa wanaimba.

Tunu binti Kondo alikuwa barazani kwake akimenya mihogo. Mkono wenye kisu ulisimama, akasikiliza. Mtu aliyepakiwa kama gunia, juani, hajui hata anakopelekwa, na bado anaimba, mmoja akitoa na wote wakipokea kama kifua kimoja! Mtu huyo alimjua. Bibi yake alimjua, na bibi wa bibi yake.

"Wanyamwezi," alimwambia wifi yake Mwamvita, aliyekaa juu ya mbuzi akikuna nazi.

"Wanafuata nini huku? Si wangekuwa stesheni wakingoja treni yao?"

"Treni haitembei, wifi. Ndiyo maana wako huku."

Milango ya malori yale ilikuwa na alama nyeupe. Tunu hakusoma shule, lakini alama ile aliiona kila siku kwenye geti la bandari, alikokuwa akiuza mihogo ya nazi kwa wapakuzi. Ilikuwa alama ya kampuni ya mumewe.

Mumewe, Mwinshehe, alikuwa mnyapara wa genge la robota za katani. Miaka kumi na sita alishuka na kupanda kwenye matumbo ya meli. Vita vilipokwisha, bei za sokoni hazikushuka wala ujira haukupanda, na mpakuzi aliyevunjika mguu kazini alirudishwa kwao Chamazi amelazwa kwenye mkokoteni, basi, imetoka hiyo. Ndipo wapakuzi walipoweka kulabu zao za kazi chini, Wazaramo, Wandengereko, Wamatumbi, wote. Siku ya pili yake watu wa reli nao wakaacha kazi. Meli tatu zilikaa zimejaa, hakuna wa kuzigusa, na kwa mara ya kwanza tangu Tunu aolewe, alimwona mumewe akikaa barazani mchana kweupe, kifua mbele, kama mtu aliyerudi kutoka Maka.

Sasa kifua kile kilikuwa kinapanda na kushuka kwa hasira, maana kampuni imeleta watu wengine wa kupakua meli zile. Alasiri ile wanaume kama thelathini walijaa uani kwa Mwinshehe.

"Kesho asubuhi na mapema," Mwinshehe alisema, "kabla hawajapanda malori. Tutajificha kwenye mikorosho ile ya nyuma ya mabanda. Kila mtu na fimbo yake. Akivunjwa mmoja mkono, wengine watajua bandari ile ina wenyewe."

Tunu alikuja na sinia la mihogo, akaliweka katikati yao. Ilikuwa desturi kwamba mwanamke akishaweka chakula huondoka. Yeye hakuondoka.

"Nyie," alisema, "mnataka kumpiga mtani?"

Mpakuzi mmoja akadakia, "Mtani gani anayekupokonya tonge mdomoni?"

"Basi wewe utani huujui. Kazi ya mtani ni ipi kama si kukupokonya tonge? Na kazi yetu sie ni kumpokonya yeye."

"Mama Tabu," Mwinshehe alisema kwa upole wa mtu anayejizuia, "huu si msiba. Hii ni kazi."

"Mkienda na fimbo utakuwa msiba. Atakufa mtu. Askari watakuja na bunduki, na wazungu wataandika kwamba Wazaramo na Wanyamwezi wameuana huko Temeke, ikabidi serikali iwaamue. Mgomo hautatajwa hata kwa neno moja. Miguu iliyovunjika haitatajwa." Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akamtazama mumewe. "Nipeni asubuhi moja tu."

"Ukishindwa?"

"Nikishindwa, mtapita juu yangu."

Hakuna aliyecheka. Walimjua Tunu, na huko kwa Wanyamwezi wa Keko na Temeke walimjua zaidi. Zamani, misafara ya pembe iliposhuka kutoka Unyanyembe, ilikatiza nchi ya Wazaramo. Watu wakapigania hongo ya njia, wakauana, wakazikana, na mwisho wakachoka, wakapatana kwamba kuanzia siku ile watatukanana badala ya kupigana. Tangu hapo Mzaramo akamwita Mnyamwezi mtumwa wake, Mnyamwezi akamwita Mzaramo vivyo hivyo, na mwenye kukasirika ndiye mwenye kosa. Mtani akikuta chakula chako anakula. Akikuta kofia yako anavaa na kuondoka nayo. Msibani ndiye anayecheka wengine wakilia, ndiye anayeingia kaburini na kulala humo, hatoki mpaka akombolewe kwa kitu anachokitaka, na maadamu yumo, hakuna mkono wa mtu unaoruhusiwa kumgusa.

Alipofariki fundi cherehani Mnyamwezi wa Keko, Tunu alilala kaburini tangu adhuhuri, amefunga miguu kwa khanga, akipiga kelele kwamba marehemu alimshonea gauni lenye mkono mmoja mrefu na mmoja mfupi, na hazikwi mtu hapa mpaka apewe mkasi wake. Watu walicheka wakishika mbavu. Mjane, ambaye hakuwa ameweka kitu tumboni kwa siku mbili, naye akacheka, kisha akaomba maji ya kunywa. Tunu alipotolewa kaburini na mkasi wake mkononi, wazee wa Kinyamwezi walimpa mkono wote. Mkasi aliurudisha baada ya arobaini.

Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, Kondo wa Pugu, na aliifanya kama watu wengine wanavyosoma Kurani, kwa kujua kwamba kuna waliomtangulia.

*

Jua lilikuwa limechomoza kidogo tu Tunu na Mwamvita walipofika kwenye mabanda. Askari wa getini, mtu wa kusini, aliwauliza wanataka nini.

"Nimewafuata watumwa wangu," Tunu alisema, akapita. Askari alidhani amesikia vibaya, na kabla hajauliza tena, wanawake wale walikuwa ndani.

Wanaume arobaini walikuwa wamechutama kuzunguka sufuria kubwa la uji. Kila mmoja alikuwa na gunia jipya, pembe moja imesukumwa ndani ya nyingine, vazi la kichwani la wabeba mizigo wa bandarini. Kampuni ilikuwa imewagawia jana yake. Mikono yao ilijaa makovu ya miiba ya katani. Mbele yao alikaa mtu mzima mrefu, ndevu zimeanza mvi, na kila mmoja alipotaka jambo alimtazama yeye.

Tunu alishika kiuno.

"Watumwa wangu wamefika Uzaramo tangu jana, hata salamu hawajaniletea! Nani amewafungua kamba?"

Arobaini wale waliacha kunywa. Yule mtu mzima aliweka bakuli chini polepole, akamtazama kuanzia miguuni hadi kichwani, kisha uso wake wote ukafunguka.

"Mwangaluka, mtumwa wangu mwenyewe," alisema, akimwamkia kwa salamu ya kwao. "Nimesikia harufu ya nazi tangu jana. Nikawaambia hawa, Mzaramo hayuko mbali, ila bado amelala."

"Nimelala mie? Babu yako alitembea miezi mitatu kuja kuiona bahari. Alipoiona akauliza, nani amemwaga maji yote haya?"

"Na babu yako alizaliwa kando ya maji hayo, akazeeka hapo hapo, asiulize hata siku moja yanakwenda wapi. Alikuwa anangoja ngoma ianze."

Kicheko kilipasuka chini ya mabati. Tunu alimnyang'anya aliyekuwa karibu naye upawa, akachota uji, akaonja, akatema pembeni. "Hauna chumvi wala sukari. Huu ni uji wa wagonjwa. Aliyewapa amewaona mna homa?" Kisha akavua kofia ya mwingine, akaivaa yeye juu ya ushungi, na mwenye kofia akapiga makofi kwa furaha. Miaka miwili walikuwa katika mashamba ya katani, wakiitwa kwa namba. Hakuna aliyewahi kuwavua kofia kwa mapenzi.

Yule mtu mzima aliitwa Mihambo. Mkataba wao shambani ulikuwa umekwisha, wakaja Dar es Salaam kupanda treni ya Tabora, wakakuta stesheni imefungwa. Siku mbili walilala juu ya mizigo yao. Ndipo mzungu mmoja mwenye miwani alipowajia, akawaambia kuna kazi na chakula na mahali pa kulala.

"Alikwambia kwa nini kazi ile ipo?" Tunu aliuliza.

"Alisema watu wa bandari wamechoka na ngoma, hawataki kazi."

Sasa Tunu aliketi chini. Sauti ya utani ikatoka, ikaja sauti yake nyingine. Aliwaeleza habari za Mwinshehe na wenzake, bila kuongeza wala kupunguza. Aliwaeleza habari za mkokoteni uliokwenda Chamazi. Aliwaeleza kwamba treni yao wenyewe ilisimama kwa sababu watu wa reli walikataa kuwaacha wapakuzi peke yao. Na akawaambia kwamba nyuma ya mikorosho ile wako watu wenye fimbo, na mumewe mmojawapo.

Mihambo alisukuma bakuli lake pembeni.

"Umenipa shida, mtani," alisema. "Fimbo siogopi, nawe unajua. Lakini yule bwana nimemwambia ndiyo. Tumelala kwenye banda lake na kula uji wake, huo usio na chumvi. Baba yangu alibeba pembe kutoka Unyanyembe hadi pwani mara saba, na hakuna siku aliyotua mzigo wa mtu njiani akaukimbia. Mie nikisema ndiyo nimejitwisha."

Laiti mtu yule angekuwa mwoga Tunu angemtisha, na laiti angekuwa mroho angemwahidi kitu. Lakini alikuwa mtu wa neno lake, na Tunu mwenyewe alikuwa binti wa mtu wa namna hiyo. Alimheshimu, na heshima ile ilimfunga mdomo.

Nje malori yaliwashwa.

Hapo Tunu aliinuka. Alimkabidhi Mwamvita ndara zake na kofia ya watu, akaenda moja kwa moja kwenye lori la mbele, akashika ubao wa nyuma uliokuwa umeshushwa, akapanda. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka arobaini na ushei na kupanda kule kulimtoa jasho. Alilala chali katikati ya lori, akafunga miguu kwa upande wa khanga yake, akajifunika uso.

"Hapa ni kaburini kwangu!" alipiga kelele. "Sitoki mpaka nikombolewe!"

Kwanza walicheka. Halafu kicheko kikapungua, kikaisha, maana kila mmoja alijua alichokuwa anakiona. Kupanda lori lile kulikuwa ni kumvuka mtani aliyelala kaburini, jambo ambalo hata mlevi halifanyi.

Mwamvita alibaki amesimama na ndara mbili mkononi. Maisha yake yote alikuwa mtu wa aibu, wa kufunika mdomo akicheka. Alilitazama lori la pili. Akaziweka ndara za wifi yake chini, zake pembeni, zikipangana vizuri, akaenda akapanda, akalala.

*

Bwana Miwani alifika kwa motokaa pamoja na karani wake. Karani aliitwa Adelard, Mhaya wa Bukoba, kijana mwembamba aliyevaa kaptura iliyopigwa pasi na soksi ndefu, msalaba mdogo shingoni. Alitafsiri maneno ya bwana wake kwa Kiswahili safi cha shule, taratibu, neno kwa neno.

"Bwana anauliza kwa nini watu hawajapanda."

"Mwambie lori lina mtu," alisema Mihambo.

Bwana Miwani alichungulia nyuma ya lori, akaona miguu ya mwanamke, akawa mwekundu. Akamwita askari wa getini amshushe. Askari alipiga hatua mbili. Mihambo na wenzake watano wakawa wamesimama mbele yake, bila fimbo, mikono imelegea tu.

"Huyo yuko kaburini," Mihambo alimwambia. "Hashikwi."

Askari aliwatazama, akakumbuka kwamba ukanda wake umelegea, akaanza kuukaza. Aliukaza kwa muda mrefu sana.

Chini ya khanga Tunu alisikia yote. Alijiona mkubwa, mkubwa kuliko lori lile. Kisha akamsikia Adelard akisema:

"Bwana anasema basi, waache walale humo. Bandari si mbali. Anasema mtatembea."

Tunu alifumbua macho gizani mwa khanga. Hilo hakuliwaza. Wanyamwezi na kutembea! Watu ambao baba zao walitembea kutoka maziwa makuu hadi pwani! Angelala juu ya mbao zile hadi jioni, na wao wangekuwa wameshamaliza meli nzima. Alisikia vyombo vikikusanywa, mizigo ikifungwa, nyayo zikijipanga mchangani. Alimfikiria Mwinshehe kule kwenye mikorosho na fimbo yake. *Nikishindwa mtapita juu yangu.* Alitamani kuinuka apige kelele, lakini kaburini mtu hainuki. Akabaki amelala, machozi yakimtiririkia masikioni.

Pengine mambo yangekwisha hivyo. Lakini Bwana Miwani, alipoona safu imenyooka vizuri, alifurahi, na alipofurahi alipenda kuhutubia. Alisema maneno mengi huku akinyoosha kidole kwenye malori. Kabla ya kutafsiri Adelard alivua kofia, akaivaa tena.

"Bwana anasema amependezwa nanyi," alisema. "Anasema Mnyamwezi ndiye mtu wa kazi katika nchi hii. Anasema Mzaramo ni mvivu na mwizi, hana akili, na ndiyo maana mwanamke wake analala kwenye magari ya watu kama mbwa."

Nyayo hazikuondoka.

"Karani," ilisikika sauti ya Mihambo, "amesema mbwa?"

"Amesema mbwa."

"Muulize jambo moja. Yeye ni kabila gani?"

Adelard aliuliza. Bwana Miwani alijibu kwa mkato, akishangaa.

"Anasema ni Mwingereza."

"Sasa muulize, Waingereza na Wazaramo wana utani?"

Hili lilichukua muda. Adelard alieleza, Bwana Miwani akauliza, Adelard akaeleza tena, kwa subira, akionyesha malori na safu ya watu. Mwisho Bwana Miwani alipaza sauti.

"Anasema yeye hana utani na mtu yeyote."

"Basi amemtukana," Mihambo alisema.

Safu nzima iliguna. Mihambo alitoka mbele, na sauti yake haikupanda, ila kila mtu alimsikia, na waliokuwa kwenye mikorosho walisema baadaye kwamba nao walisikia.

"Mwambie hivi, karani, usipunguze. Mie mama huyu ninamwita mtumwa, mvivu, mla nazi, na mengine ambayo sitayasema mbele yako wewe uliyesoma. Nimemwita hivyo asubuhi hii naye amenivua nguo kwa maneno. Haki hiyo tumepewa na baba zetu, nao waliinunua kwa damu. Mie nikifia hapa pwani, mbali na mama yangu, ni huyu atakayelala kaburini mwangu ili watu wangu wacheke. Yeye bwana, hapa, atamzika nani?"

Adelard alitafsiri. Hakupunguza.

"Na mwambie la mwisho. Nilimwitikia ndiyo mtu aliyenipa mzigo wa meli. Kusikiliza mtani wangu akiitwa mbwa hakukuwemo ndani ya mzigo ule. Huo ameuongeza yeye njiani."

Aliligeukia lori, akasimama kwenye ubao wa nyuma.

"Mtani. Unataka nini nikukomboe?"

Tunu alijibu chini ya khanga.

"Nataka mzigo wenu. Ule mliojitwisha jana. Utueni hapa."

Mihambo alivua lile gunia jipya kichwani, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya miguu ya Tunu. Wa pili akaja akaweka la kwake. Wa tatu. Hawakusukumana. Mmoja mmoja walipita, kama watu wanaotupia udongo wa mwisho, isipokuwa walikuwa wanatabasamu, na magunia yakarundikana hadi tumboni mwa Tunu, yakinuka katani mpya. Kutoka lori la pili ikasikika sauti ndogo:

"Na mie je? Au mie nimekufa bure?"

Watu wakaangua kicheko, ishirini wa nyuma wakaenda kumkomboa Mwamvita.

Bwana Miwani alipiga kelele kwamba hakuna chakula tena, hakuna banda, kila mtu aondoke sasa hivi. Adelard alitafsiri hayo nayo. Tunu alikuwa ameinuka, nywele zimejaa nyuzi za katani, anashuka kwa kusaidiwa na mikono minne.

"Mwambie wana kwao pa kwenda," alisema.

Kutoka kwenye mikorosho wanaume wa bandari walikuwa wanakuja. Mwinshehe alitangulia. Hakuwa na fimbo. Alipomfikia Mihambo, alinyoosha mkono, akamvua Mihambo mkanda wake wa suruali, akaufunga kiunoni mwake mwenyewe. Mihambo akacheka, ameshika suruali kwa mkono mmoja.

*

Tunu alipelekwa kituo cha polisi siku ile ile. Alikwenda kwa miguu, kichwa juu, na nyuma yake wakafuata Wanyamwezi arobaini wakiimba, na nyuma ya Wanyamwezi Temeke nzima. Mkuu wa kituo alifungua kitabu chake kutafuta kosa la mtu aliyelala ndani ya lori lililosimama, hakulipata, na kelele za nje zilikuwa zinamuumiza kichwa. Alasiri akamwachia. Kampuni nayo ilimpiga marufuku kuuza mihogo getini, na marufuku hiyo haikuondolewa kamwe. Ilimuuma, maana mahali pale alipashika miaka tisa. Lakini kila alipoulizwa kama anajuta, alimtazama muulizaji kama mtu aliyeuliza kama bahari ni kavu.

Wanyamwezi waligawanywa wawili wawili katika nyumba za Temeke. Walikula mihogo asubuhi, mchana na jioni, wakilalamika kila tonge, na wenyeji wakijibu kila lalamiko. Walimjengea Mwamvita jiko la nje, wakaezeka paa la bibi mmoja asiye na mtu. Siku ya kumi na moja mgomo ukaisha. Wapakuzi hawakupata yote waliyoyataka, ila ujira ulipanda, na ikaandikwa kwenye karatasi kwamba atakayeumia kazini atalipwa hadi apone. Mwinshehe alimwomba mtu amsomee karatasi ile mara tatu, apate kuisikia.

Treni ya kwanza ya Tabora ilipoondoka, Tunu alikuwa stesheni. Mihambo alitoa kichwa na mabega dirishani.

"Kwa heri, mtumwa wangu! Punguza nazi, lori lilikuwa linalia!"

"Nenda, kaniletee asali! Ukija mikono mitupu nitakuuza!"

Waliendelea hivyo mpaka sauti hazikufikiana tena, na Tunu akabaki anapunga khanga, anacheka, uso umelowa. Alipogeuka alimkuta Adelard nyuma yake, na bahasha za kampuni kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyeniita mbwa."

Adelard aliinamisha kichwa. "Ningeweza kulilainisha neno lile. Siku zote huwa nalainisha. Nilipowaona wameshajipanga kuondoka, nikasema leo silainishi."

Tunu alimtazama upya kijana yule, soksi zake ndefu, msalaba wake, uso wake wa mtu aliye mbali na kwao. Hakuwa amewaza kwamba asubuhi ile kulikuwa na mtu mwingine aliyelala kaburini, tena amesimama, mbele ya bosi wake.

"Sie Wahaya," Adelard alisema, "hapa mjini hatuna watani. Nimeuliza sana. Njia za misafara hazikupita kwetu."

"Hamna?"

"Hatuna, mama."

Tunu alifunga khanga yake vizuri kiunoni, akaanza kutembea kuelekea Temeke, naye kijana akafuatana naye.

"Basi tuanze," alisema Tunu. "Hizo soksi zako, nani amekufa ukarithi?"

Adelard alitafuta jibu hadi walipofika kwenye kona, na alipolipata, Tunu alisimama katikati ya barabara akacheka kwa sauti hata watu wa ng'ambo wakageuka kumtazama. Kisha akaendelea kutembea, kifua mbele, binti wa Kondo wa Pugu, na watu waliomjua wakampisha njia.